Saini ya Festo

Usiku ule nililala na viatu. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakisikia habari za ndoto huanza kukuuliza ulikula nini, uliomba kabla ya kulala, ulilalia ubavu gani. Nilikula chipsi mayai, sikumaliza. Sikuomba. Nililala chali juu ya kitanda ambacho hakikutandikwa tangu asubuhi, viatu vya kamba miguuni, kwa sababu kampeni zilifungwa jioni ile na nilikuwa nimesimama kutwa nzima. Kesho yake ilikuwa siku ya kura, na mimi nilikuwa nagombea urais wa serikali ya wanafunzi.

Mimi si mtu wa ndoto. Kwetu bibi ndiye aliyekuwa akiota kwa niaba ya ukoo mzima, na alipofariki kazi hiyo hakuna aliyeirithi. Mimi ni mtu wa orodha. Mwaka wa kwanza wenzangu walinichagua kuwa kiongozi wa darasa, yule tunayemwita CR, kwa sababu moja tu: siku ya kwanza nilikuja na majina yao yote yamepangwa kwa alfabeti, na hakuna aliyekuwa ameniomba. Mtu wa namna hiyo hapewi mapenzi, hupewa kazi. Nimekuwa CR miaka mitatu. Bango langu la kampeni lilitungwa na Zainabu, ninayeishi naye chumba kimoja bwenini. Lilikuwa na picha yangu na maneno haya: REHEMA HAKOSI KIPINDI. Zainabu alisema watu wamechoka na marais wasioonekana.

Kabla sijafika kwenye ndoto yenyewe, lazima nieleze habari ya karatasi.

Chuo chetu kiko mlimani, mji uko chini. Kila kipindi karatasi ya mahudhurio hupita mkono kwa mkono, safu kwa safu. Unaandika jina, namba ya usajili, unasaini. Mwisho inafika kwa CR, naye anaipeleka kwa mwalimu. Asiyefikisha robo tatu ya vipindi hafanyi mtihani. Na asiyeonekana vipindi vitatu mfululizo, jina lake hupelekwa kwa mshauri wa wanafunzi, mama mmoja mpole mwenye sauti nzito, naye humpigia simu, na ikibidi hutuma gari la chuo likamtazame aliko. Hiyo ndiyo sheria. Desturi ni nyingine. Desturi ni kwamba mwenzako akichelewa, akisafiri, akilala, unamsainia. Chuoni kwetu kuna dhambi na kuna kusainiana, na sikuwahi kumsikia mtu akivichanganya. Anayekataa kumsainia mwenzake huitwa mnoko, na mnoko hata chumvi haazimwi.

Festo alikuwa rafiki yangu. Alikaa safu ya tatu, kwenye kiti ambacho kibao chake cha kuandikia kiling'oka kabla sisi hatujafika chuoni, akawa anaandikia pajani miaka yote na hakukubali kuhama. Alisema kiti kimemzoea. Hakuishi bwenini. Aliishi mjini chini, nyuma ya soko, kwa mama yake mdogo aitwaye Sabina, ambaye hakujaliwa mtoto na ndiye aliyemlea tangu darasa la nne. Saini yake ilikuwa herufi ya kwanza ya jina lake yenye mkia mrefu unaorudi nyuma na kulikata jina lote. Niliijua vizuri. Kusema kweli, niliichora vizuri kuliko mwenyewe.

Muhula uliopita akaanza kuugua. Asubuhi moja alinitumia ujumbe: "CR, nisainie leo, homa." Nikamsainia. Kesho yake: "Na leo." Nikamsainia. Ikawa wiki, zikawa wiki nne. Aliandika kwamba mama mdogo anamchemshia majani ya mpera, na kwamba malaria isipoikimbia harufu ile basi atakimbia yeye. Nilicheka. Nilipanga kwenda kumwona. Jumamosi ya kwanza kulikuwa na kikao cha kamati ya chakula. Ya pili nilikuwa na kazi ya kundi, na kundi lenyewe lilikuwa mimi. Ya tatu nilinunua hadi machungwa, nikakaa kibandani kusubiri mvua ikatike, nikayala moja moja mpaka yakaisha. Wiki ya mwisho sikusubiri tena ujumbe wake. Mkono ulikuwa umeshazoea.

Alifariki Jumanne alfajiri, siku hiyo hiyo aliyofikishwa hospitali. Mama yake mdogo hakuwa na namba ya yeyote kati yetu, na simu ya Festo ilikuwa na neno la siri ambalo aliondoka nalo kichwani. Habari ilitufikia Alhamisi. Jumatano saa mbili asubuhi nilikuwa nimekwisha kumsainia. Kwa mujibu wa karatasi, Festo alihudhuria Saikolojia ya Elimu siku moja baada ya kufa. Hakuna aliyeligundua hilo. Karatasi zile hukusanywa ili zikusanywe.

Tulikwenda kumzika kijijini kwao kwa basi la chuo. Mshauri alikuwa ameniagiza niandike wasifu mfupi wa marehemu upande wa masomo, nikauandika kama ninavyoandika kila kitu, kwa kutazama orodha. Nilisimama mbele ya jeneza, nikasoma: "Mpaka wiki yake ya mwisho, mwenzetu hakukosa kipindi hata kimoja." Nilidhani ninamheshimu. Nilikuwa pia ninaficha, sikatai. Mambo hayo mawili yalikaa ndani ya sentensi moja bila kugombana.

Nilipomaliza, baba yake mkubwa alisimama. Sabina alikuwa amewaeleza ndugu kwamba kijana aliugua mwezi mzima, amemhangaikia kwa dawa za duka na za majani mpaka hali ilipozidi.

"Mmemsikia mtoto wa chuo?" baba mkubwa akasema. "Mgonjwa wa mwezi mzima anakwenda darasani kila siku? Sabina, wewe ulituambia nini?"

Sabina aligeuka. Alinitazama mimi. Alinitazama kwa kungoja, kama mtu aliyemwona shahidi wake akiingia mlangoni. Mimi nikaikunja ile karatasi mara nne, nikarudi kusimama na wenzangu. Nyuma yangu mwanamke mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba kifo kile kina mkono wa mtu. Mpaka tunapanda basi kurudi, Sabina hakuwa tena mkekani na wanawake wa nyumba ile. Alikuwa amekaa nje peke yake, kwenye kigoda.

Arobaini ilipofika hawakumwita. Najua kwa sababu alikuja chuoni mwenyewe. Alikwenda kwa mshauri kuomba barua ya kuthibitisha kwamba mwanawe alikuwa mgonjwa, apeleke kwa ndugu. Mshauri akafungua jalada. Yupo, yupo, yupo, hadi mwisho wa ukurasa. Tulikutana kwenye korido akitoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe si ndiye uliyesoma siku ile?" Akanisogelea, akashusha sauti kana kwamba ananiulizia aibu yangu. "Hivi karatasi zenu hizi, huwa zinakosea?"

Nikasema, "Sijui, mama."

"Haya, mwanangu. Soma."

Akashuka mlima kwa miguu. Kumsainia mwingine ni kosa la kusimamishwa masomo, na kwa kiongozi ni zaidi. Fomu za urais nilichukua wiki iliyofuata. Nilijiambia kwamba nikiwa rais nitarekebisha utaratibu mzima, na jambo la mtu mmoja litakuwa limejirekebisha humo humo. Mwenye akili hakosi sababu.

Jioni ile ya kufunga kampeni, baada ya ngoma na wapambe na filimbi, binti mmoja wa mwaka wa kwanza alinyoosha mkono. Akauliza, "Dada Rehema, ukiwa rais, mwanafunzi akiugua huko nje ya chuo, nani atajua?" Nilijibu vizuri mno. Nilijibu mpaka ngoma zikapigwa tena. Binti aliketi, naye akapiga makofi. Mimi nikaomba maji, nikasingizia vumbi. Kisha nikapanda bwenini na kulala na viatu.

Naanza kuona mwanga. Si wa taa, ni ule mwanga wa asubuhi unaoingia ukumbi wetu wa mihadhara kupitia madirisha ya upande wa mashariki na kuwaumiza macho waliochelewa kupata viti. Niliketi mahali pangu pa kila siku. Darasa lilikuwa limejaa, hata walioacha chuo mwaka wa kwanza walikuwepo, na hakuna aliyekuwa akizungumza. Zilisikika kalamu tu. Mwalimu hakuwepo na hakuna aliyemtarajia. Karatasi inapita. Naiona ikitoka safu ya mbele, inapanda, inashika kulia, inarudi kushoto, na kila inayemfikia anainama, anaandika, anaipitisha bila kumtazama jirani.

Ilipofika kwangu niliisoma, kama kawaida yangu. Mstari wa kwanza, Festo. Wa pili, Festo. Wa tatu hadi wa mwisho, Festo, na kila mstari una ule mkia unaorudi nyuma. Wote wale walikuwa wameandika jina moja, na mwandiko wote ni wangu.

Nikainua macho. Yuko safu ya tatu, kwenye kiti chake. Amevaa suti ya kahawia aliyozikwa nayo, ambayo ilikuwa ya baba yake mkubwa na ilimpwaya mabegani, na chini amevaa kandambili zake za mikanda ya kijani. Anaandika pajani. Sikuogopa. Ningependa kusema niliogopa, ingenoga zaidi, lakini nilichohisi ni ile raha ndogo unayoipata ukimwona mtu aliyekuwekea kiti. Niliwaza tu kwamba amechelewa sana na nitalazimika kumweleza mwalimu.

Akageuka. "CR, kalamu."

Nikampa yangu. Sijui niliivusha vipi safu zote zile, lakini alikuwa nayo mkononi. Akaweka ncha kwenye karatasi, akasaini. Hapakuandikika kitu. Akaijaribu kiganjani, akaitikisa, akaipuliza kama tunavyofanya wote. Akasaini tena taratibu, mkia mrefu, na karatasi ikabaki nyeupe. Akanirudishia.

"Kwangu haiandiki," akasema.

Hakulalamika. Alilisema kama mtu anayekwambia bomba la upande huu halitoi maji, jaribu lile.

Tukawa kwenye foleni ya chakula. Sikumbuki kusimama wala kutoka. Nimeshika sahani ya bati, Festo yuko mbele yangu, na mbele yake migongo ya watu hadi mwisho wa macho. Foleni inasogea. Zainabu anapita na tarumbeta la kampeni begani, ananipungia, hamwoni aliye mbele yangu. Harufu ya majani ya mpera imejaa kila mahali. Nataka kumtania Festo kwamba malaria imekimbia kweli, imekimbia na yeye, na maneno yananifika mdomoni kisha naona haya, nayameza. Ananitazama kidogo. Nadhani aliyasikia.

Ilipofika zamu yetu hapakuwa na chakula. Palikuwa na sanduku la kura. Lakini halikuwa sanduku, ilikuwa ndoo ya njano ya kuchotea maji, yenye ufa uliozibwa kwa nailoni iliyoyeyushwa, na mshikio wake umefungwa kitambaa ili usikate mkono. Sahani yangu imekuwa karatasi ya kura. Nimesimama nayo, watu nyuma yangu wanasubiri, na sijui niitumbukize au nichote.

"Ndoo ya nani hii?" nikamuuliza.

Festo akageuka. Anatazama nje, na mimi natazama anakotazama.

Ni ile nyumba ya kijijini kwao. Kuna watu wengi ndani, nasikia vijiko na mazungumzo ya chini, mazungumzo ya msiba uliokwisha kupoa. Nje, ukutani, Sabina amekaa kwenye kigoda. Anamenya viazi. Anamenya kwa kisu kidogo, ganda refu lisilokatika, kisha anakitumbukiza kiazi kwenye beseni la maji na kuchukua kingine. Beseni limejaa mpaka viazi vinaelea. Mlango uko wazi, wanawake wanaingia na kutoka, na hakuna anayeinama kulichukua lile beseni. Wanaliruka.

Nataka kumwamkia. Nafungua mdomo, "Shikamoo" haitoki. Nikajaribu tena, na tena, kama kalamu ile. Nilikuwa nimemwamkia mara moja tu maishani, kwenye korido, na nadhani sikuwa nimebakiwa na nyingine.

Festo akachuchumaa karibu naye. Suti ile imepanda, vifundo vya miguu viko nje. Sabina hamwoni, lakini anasogeza beseni kidogo, kama mtu anayempisha mwingine nafasi. Festo akaokota ganda moja, akalinyoosha juu ya goti lake.

"Jumatano ile," akasema, "mimi nilikuwa wapi?"

Nikajibu haraka, kwa mazoea. Nilijibu kama ninavyomjibu mwalimu. "Ulikuwa darasani."

Akacheka kile kicheko chake cha puani, kifupi. Ndicho kilichoniuma kuliko mengine yote. Angenikasirikia ningejitetea, nina hoja za kutosha. Alicheka kama rafiki aliyekwisha kusamehe kitu ambacho bado hujakiomba.

"Na yeye," akasema, akimwonyesha kwa kidevu, "alikuwa wapi?"

Hapo naona chumba. Sikuwahi kuingia chumba kile na hadi leo sijui kikoje kweli, lakini nimekiona: kitanda cha mbao, pazia la maua, sufuria imefunikwa kwa sahani, stuli ya plastiki na juu yake kikombe. Festo amelala na amekuwa mwembamba, shingo imekuwa ndefu. Sabina anaingia na ile ndoo ya njano. Anamfuta uso, anamfuta mikono, kidole kimoja kimoja. Anakaa. Anasinzia ameketi. Anashtuka, anamgusa kipaji. Kunakucha, kunachwa, hapo hapo mbele yangu, na yeye anaingia na ndoo, anatoka na ndoo. Kisha anampa mgongo, anachuchumaa, anamvuta mikono yote miwili hadi kifuani kwake, anasimama naye. Mwanamke mfupi yule. Miguu ya Festo inaburuzika sakafuni na kandambili moja inabaki nyuma. Wanatoka mlangoni hivyo. Na mimi nipo, nimesimama ukutani, nina kalamu, na kila anapoingia na ndoo mkono wangu unasaini juu ya chokaa: yupo darasani, yupo darasani, yupo darasani. Naona mkono unavyokwenda. Mwandiko ni safi kabisa.

Nikasema, "Acha," nikijiambia mwenyewe. Mkono ukaacha.

Tuko tena nje, na kumekuwa kimya. Sabina ameshika kiazi bila kukimenya. Festo amesimama na ananitazama moja kwa moja. Miaka yote aliniita CR, na siku za utani aliniita mheshimiwa. Jina langu sikuwahi kulisikia mdomoni mwake.

"Rehema," akasema. "Niandike sikuwepo."

"Watanifukuza," nikamwambia.

"Labda."

Nilisubiri aongeze neno. Marehemu wengine, kama simulizi za watu ni za kweli, huwa na maneno mengi ya kutia moyo. Festo hakuwa na maneno mengi hata alipokuwa hai. Alikung'uta suruali ile isiyo yake, akavaa vizuri kandambili iliyotaka kuvuka, akaanza kuondoka kufuata ukuta. Akakumbuka kitu, akageuka.

"Anza na aliyekaa nje."

Nikaamka.

Ilikuwa alfajiri. Zainabu alikuwa amemaliza kuswali, anakunja msala wake kwenye nafasi ndogo iliyo kati ya vitanda vyetu. Aliitazama miguu yangu.

"Mheshimiwa mtarajiwa, umelala na viatu," akasema. "Kama polisi wa zamu."

Nikaketi. Moyo ulikuwa unakwenda kawaida, sikulia, sikuwa na jasho. Niliinyoosha mikono yangu nikaitazama, kisha nikachukua simu na kufungua ujumbe wa Festo. Sikuwahi kuufuta. Siku ile Sabina aliponiuliza kwenye korido nilirudi chumbani nikakusudia kuufuta wote, nikashika kitufe, nikaahirisha. Nimekuwa nikiahirisha tangu hapo. Niliusoma kutoka mwanzo, na wa mwisho kabisa ulikuwa wa Jumatatu, siku moja kabla.

"CR, leo mama mdogo kanibeba mgongoni hadi chooni. Mtu mzima mimi. Usimwambie mtu."

Chini yake lilikuwa jibu langu. Kikatuni cha kucheka hadi machozi, na maneno: "Pona haraka bwana, nakusainia."

Kwa hiyo ndoto haikuniletea kitu nisichokijua. Habari hiyo nilikuwa nayo mfukoni miezi yote ile, imeandikwa, ina siku na saa. Siri aliyoniomba nimtunzie niliitunza vizuri sana, ndiyo pekee, na ndiyo iliyomtoa mama yake mkekani. Nilipoisoma mara ya pili nililia. Nililia kwa muda mfupi, kwa sauti, na Zainabu akaja kukaa kitandani kwangu bila kuuliza.

Nina tabia ya kuweka karatasi tupu za mahudhurio chini ya godoro ili zisikunjike. Nikatoa mbili. Nikaandika tarehe zote za wiki zile nne, mstari kwa mstari, na mbele ya kila tarehe jina la Festo, na mahali pa saini nikaandika: hakuwepo. Hakuwepo. Hakuwepo. Ni neno rahisi kuandika, halina mkia. Nilipofika Jumatano ya mwisho niliongeza: alikuwa ameshafariki. Chini nikaeleza kwamba siku zote hizo alikuwa mgonjwa nyumbani kwa mama yake mdogo, aliyekuwa akimuuguza, na kwamba aliyesaini ni mimi. Nikasaini jina langu. Nilisita kidogo, kwa kuwa nilikuwa nimesahau naimalizia vipi. Karatasi ya pili nikainakili sawasawa na ya kwanza. Moja ni ya mshauri, na mshauri hufungua ofisi saa mbili. Nyingine, ya Sabina, nikaiweka kwenye begi pamoja na simu.

Zainabu alikuwa ameisoma juu ya bega langu. 

"Wakikuondoa kwenye kura je?"

"Wataniondoa."

"Na masomo?"

"Sijui, Zai."

Alinisindikiza hadi nje ya bweni, kanga mabegani. Kulikuwa na baridi ile ya mlimani. Juu, karibu na ukumbi, wasimamizi walikuwa wameanza kupanga meza, na wapambe wangu wachache walishafika na bango. Mmoja aliniona, akapuliza filimbi, akapaza sauti: "CR! Foleni inaanzia huku juu!"

Nikampungia. Viatu nilikuwa navyo tayari, nikashuka.